Kiangazi cha Kongwa: hesabu ya malisho ifanyike mwezi wa nne, usisubiri wa tisa

Wafugaji wenzangu habari za saa hizi. Huku Kongwa, Dodoma, sasa hivi majani yamefika magotini, ng'ombe wanang'aa, maziwa yapo, na ndo maana nimeamua kuandika leo mwishoni mwa mwezi wa nne, maana mwezi wa tisa mtu akinipigia kuniambia ng'ombe wake hanyanyuki asubuhi mpaka ashikwe mkia, mi sina la kumwambia zaidi ya pole. Kiangazi chetu sio cha kushtukiza. Mvua za huku ni msimu mmoja, zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinakata Aprili, baada ya hapo ni miezi saba ya jua na upepo. Iko hivyo tangu enzi za babu zetu, na bado kila mwaka tunakimbizana kutafuta mabua mwezi wa kumi kwa bei ya ajabu kama vile hatukujua.

Na hii ardhi haibembelezwi. Waingereza walikuja hapa Kongwa mwaka 1947 na ule mradi mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta, wakafyeka mapori, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji na mvua zikawagomea, mwaka 1951 wakaufunga. Baadaye sehemu ya eneo hilo ikawa ranchi ya ng'ombe. Kinachostawi hapa bila kulazimishwa ni majani, shida yake ni kwamba yanastawi miezi minne halafu tunataka yatulishe kumi na mbili.

Kwanza tuelewane kitu kimoja ambacho wengi kinawachanganya. Unamwona ng'ombe mwezi wa nane ametoka porini tumbo limejaa, lakini mgongo unazidi kuchongoka. Mtu anasema ana minyoo, anakimbilia dawa. Minyoo inaweza kuwepo kweli, ila mara nyingi tatizo ni lile jani lenyewe. Jani likishakomaa na kukauka protini inashuka sana, ikienda chini ya asilimia 7 hivi wale wadudu wa tumboni wanaomsaidia ng'ombe kuyeyusha majani wanakosa chakula chao, kwa hiyo majani yanakaa tumboni muda mrefu, ng'ombe anajisikia ameshiba, anakula kidogo, anaanza kujila mwenyewe, mafuta kwanza halafu nyama. Kwa hiyo kiangazi kuna njaa mbili, ya majani kuisha na ya majani kukosa nguvu, na hii ya pili inaanza mapema, wakati pori bado linaonekana limejaa.

Sasa hesabu. Chukua daftari, usifanye kichwani.

Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 anahitaji chakula kikavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6 na robo. Tuseme mwezi wa tano mpaka katikati ya wa nane pori bado linamsaidia, halafu kuanzia katikati ya Agosti mpaka katikati ya Desemba unamlisha wewe, hizo ni siku 120. Kilo 6 na robo mara siku 120 ni kilo 750. Una ng'ombe kumi? Ni tani 7 na nusu. Robota la hei, yaani majani yaliyokatwa yakakaushwa, la kilo 15 ukitoa unyevu lina kama kilo 13 za chakula kikavu, kwa hiyo unahitaji marobota karibu 580. Mwenye ng'ombe chotara wa maziwa wa kilo 400 ndo asiguse kabisa hesabu za kienyeji, huyo weka asilimia 3, kilo 12 kwa siku, na huyo usimhesabie pori chochote.

Najua ukifika hapo unataka kufunga daftari. Usifunge. Andika upande wa pili ulichonacho. Ekari ya mahindi iliyotoa gunia sita inakuachia mabua kilo 600 mpaka 900 hivi, na vile vigogo vigumu vya chini ng'ombe anaviacha, kwa hiyo usihesabu yote. Majani ya karanga ni mazuri kuliko mabua, yakusanye siku ileile ya kung'oa, ukiyaacha juani wiki nzima yanapukutika unabaki na vijiti. Maganda ya alizeti, makapi ya maharage, mabua ya mtama, yote andika. Jumlisha, toa, utaona pengo. Hilo pengo lina dawa mbili tu: uongeze chakula au upunguze midomo.

Midomo ndo tunagombania nayo. Nasema hivi nikijua kabisa mifugo kwetu ni heshima, ni mahari, ni ada ya mtoto. Lakini mwezi wa tano na wa sita ng'ombe wako ana mwili, mnunuzi wa mnada wa Msalato anampapasa mgongo anakutana na nyama. Huyohuyo akipoteza nusu kilo kwa siku, ndani ya siku 100 kilo 50 zimeyeyuka, na anafika mnadani wakati kila mtu kaleta wa kwake amekonda, bei inakuwa ya kutupa. Tena huo muda wote alikuwa anakula kilo 6 ambazo jike lenye mimba lingezila. Kuna mwaka niliwang'ang'ania wote kumi na nne, nikasema Mungu atatupitisha, mpaka mvua inanyesha nilikuwa nimebaki na kumi, na wawili kati ya waliokufa walikuwa majike yenye mimba, ambao ndo ilibidi niwalinde kwa kuuza madume matatu yaliyokuwa yanazurura tu. Mpaka leo inaniuma. Anza na dume la ziada, jike lililozeeka meno, lile lililopandwa misimu miwili bila kushika. Hela itakayopatikana, sehemu yake irudi kwenye chakula cha waliobaki, isiishie yote dukani.

Sasa kwenye kuongeza chakula, chenye gharama ndogo kuliko vyote ni kufunga kipande cha malisho kuanzia sasa. Wasukuma wanaita ngitili, na kule Shinyanga mradi wa kuhifadhi ardhi, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 ngitili ndo zilizorudisha miti na majani sehemu ambazo zilishakuwa vumbi. Wamasai wana alalili, na lile eneo dogo karibu na boma la ndama na wagonjwa wanaita olopololi. Mkikaa kitongoji mkakubaliana, na serikali ya kijiji ikaweka faini inayolipwa kweli, inawezekana hata kwetu. Mkishafunga safisheni njia ya kuzuia moto pembeni, upana hata wa mita tano au zaidi, maana moto mmoja wa mtu anayesafisha shamba unamaliza kazi ya miezi mitano kwa saa moja. Na mkifungua msiachie wote kwa pamoja, gaweni vipande, watangulie wanaonyonyesha na wenye mimba, wengine wafuate nyuma. Majani yakilambwa mpaka kwenye udongo mizizi inakufa na mwaka kesho yataota magugu.

Hei. Jani la kukata ni lile linaloanza kutoa maua, hapo bado lina protini na wingi upo. Shida ya huku jani linafika hapo mvua bado ipo, ukikata linaoza. Mi nasubiri siku mvua zinapotulia mwishoni mwa Aprili au wiki ya kwanza ya Mei, nakubali kupoteza ubora kidogo, ila sisubiri Juni maana hapo unakata fagio. Kata asubuhi umande ukikauka, geuza, siku mbili tatu linatosha, chukua bua ulikunje, likivunjika bila kutoa maji funga. Kama huna mashine tengeneza boksi la mbao lisilo na mfuniko wala kitako, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, tandika kamba mbili ndani, shindilia kwa miguu, funga. Hifadhi juu ya magogo, panya na mchwa wasifike kirahisi, na paa lisivuje. Mwenye eneo ajaribu kupanda senkrusi, hili jani linavumilia ukame wetu kweli na limefanyiwa kazi miaka mingi hapahapa Kongwa kwenye kituo cha utafiti wa mifugo, TALIRI. Mabingobingo waachie wenye maji ya kumwagilia.

Sileji, yaani majani mabichi yanayoshindiliwa na kufunikwa bila hewa, sitaielezea sana, wenye ng'ombe wa maziwa wawili watatu inawafaa, katakata mahindi punje zikiwa zimeanza kugumu lakini ukibonyeza bado laini, shindilia hewa yote itoke, funika nailoni isiyo na tundu. Hewa ikiingia unatupa yote.

Mabua sasa, maana ndo wengi tunayo. Kuyamwaga chini zizini ni kuyatupa, ng'ombe anachagua majani anakojolea mengine. Yakatekate vipande vidogo, weka kwenye hori. Ukitaka kuyapa nguvu yatibu na urea. Kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa, kilo 4 za urea, lita 50 za maji. Yeyusha urea yote iishe kabisa ndani ya maji, tandaza mabua kwenye shimo lenye turubai au nailoni, nyunyiza tabaka kwa tabaka huku unashindilia, funika hewa isiingie, acha wiki tatu. Ukifungua litakupiga harufu kali ya kuunguza pua, acha lipepee mpaka kesho yake ndo ulishe, tena kidogokidogo kwa wiki ya kwanza. Hapa sibembelezi mtu: urea inaua. Usimpe ndama wa chini ya miezi sita, usimpe ng'ombe aliyeshinda njaa akala kwa pupa, usiache ndoo ya ule mchanganyiko mahali ng'ombe anaweza kuinywa, na usizidishe kipimo ukidhani ndo itafanya kazi zaidi. Ukiona anatetemeka, anatoa mate mengi, tumbo linajaa, anahema kwa shida, muda ni mchache, ita daktari wa mifugo hapohapo.

Kama urea inakutisha, na haina ubaya kuogopa, basi tafuta protini kwingine. Sisi Dodoma na wenzetu wa Singida tumekaa juu ya alizeti, mashudu yako kila mashine ya kukamua, mwezi wa sita yanakuwa na bei ya kueleweka, nunua wakati huo uweke. Hata kilo moja kwa siku kwa jike lenye mimba anayekula majani makavu utaona tofauti, maana inawaamsha wale wadudu wa tumboni na lile jani kavu linaanza kuyeyuka. Ila mashudu au pumba zilizoota ukungu usimpe, sumu yake inapita mpaka kwenye maziwa watoto wanayokunywa. Halafu kuna vitu vya bure tunavikanyaga tu, matunda ya mgunga yanaanguka kiangazi, tuma watoto wakiwa likizo waokote, yatwange kidogo mbegu zivunjike, la sivyo zinatokea upande wa pili nzima. Na hapa kwetu na Kiteto kuna wakulima wamepanda miti ya glirisidia katikati ya mahindi, majani yake yaliyonyaushwa ni chakula kizuri na shamba linapata rutuba.

Maji usiyasahau. Ng'ombe asipokunywa hali, hata umwekee hei ya daraja la kwanza. Na ukimtembeza kilomita nyingi kwenda lambo na kurudi, ile kilo moja ya mashudu imeishia miguuni. Chunga alfajiri na jioni, saa sita apumzike kivulini, na jiwe la chumvi liwepo.

La mwisho ni lile linaloua wakati watu wameshaanza kushukuru. Mvua ya kwanza inanyesha, siku chache ardhi inageuka kijani, mfugaji anaacha kulisha siku hiyohiyo. Ng'ombe aliyechoka anakimbia huku na kule akifuata vijani ambavyo ni maji matupu, anaharisha, usiku baridi ya mvua inamkuta zizini kwenye tope, asubuhi hayupo. Na mimea michanga ya mtama, iwe uliopandwa au maotea ya shina la mwaka jana, ina sumu kali, ng'ombe mwenye njaa akiingia humo anaweza kufa ndani ya saa chache, usubiri uwe mrefu kupita kiuno kidogo ndo ufikirie. Kwa hiyo kwenye ile hesabu ya daftari ongeza wiki tatu juu ya siku 120, robota za wiki hizo ziweke pembeni kabisa zisiguswe, na mvua ikinyesha wape hei asubuhi kwanza ndo uwatoe. Hilo eneo la majani machanga lisikanyagwe mpaka yafike juu ya kifundo cha mguu, yakilambwa yakiwa bado yanaota hamna kitakachosimama mwezi wa nne mwakani cha kukata.