Kabla hujaenda Italia, pitia kwenye vitabu kwanza

Watu wengi wakisikia Italia wanakimbilia viza na tiketi, sawa, bila hivyo huendi, ila mimi nikiulizwa naanzia wapi huwa nasema anza na vitabu, miezi mitatu minne kabla. Na hata kama nauli haijapatikana we soma tu.

Ila usianze na lile libuku la picha za Roma. Tafuta kinachokugusa. Mimi nilianza na Felice Benuzzi, mfungwa wa vita Mwitaliano, Waingereza walimfungia kambini Nanyuki, kila siku anauona Mlima Kenya ng'ambo ya waya mpaka ukamwingia kichwani. Januari 1943 akatoroka na wenzake wawili, ramani hawana, wana picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya kopo la nyama basi, yeye na mmoja wao wakafika Lenana, kimojawapo cha vilele vya mlima huo, wakasimika bendera ya Italia, halafu, sikia hii, wote watatu wakarudi kambini wenyewe, njaa inawauma, wakafungwa tena. Kitabu kinaitwa Fuga sul Kenya, kwa Kiingereza No Picnic on Mount Kenya. Ukimaliza hicho unajua unaenda kukutana na watu wa aina gani.

La pili, jua unaenda Italia ipi. Nchi yenyewe imeungana 1861 tu na jikoni ni kama bado. Kaskazini utakuta siagi, wali wa risotto, na polenta ambayo jamani ni ugali wa mahindi ya njano, wasikudanganye. Kusini ni mafuta ya zeituni na nyanya, na ukifika Trapani kule Sicilia wanakula kuskus na samaki kama majirani zao wa Tunisia. Bologna sosi ya nyama ya kusaga inaliwa na tagliatelle, zile tambi bapa, ukiulizia spageti watajua we mgeni. Kwa hiyo kitabu cha mapishi kikisema tu "chakula cha Kiitaliano" bila kukwambia cha mkoa gani, kirudishe kwenye shelfu.

Hapa ndipo namsifia Pellegrino Artusi. Hakuwa mpishi, alikuwa mfanyabiashara aliyestaafu Florence, wachapishaji wakamkatalia kitabu chake cha mapishi akatoa hela yake mfukoni 1891, nakala elfu moja. Leo hicho kitabu kipo kwenye majumba Italia nzima. Raha yake ni kwamba anapiga soga. Kwenye minestrone, ile supu ya mboga, anasimulia alivyoila Livorno 1855, usiku tumbo likamvuruga, akailaani ile supu wee, asubuhi akakimbilia kwake Florence. Muda si mrefu habari zikamfikia kwamba Livorno kumeingia kipindupindu na yule mwenye nyumba aliyompangisha chumba keshakufa. Halafu baada ya hapo ndo anakupa mapishi! Nani anaandika hivi siku hizi.

Usisome tu, pika. Jaribu ile sosi ya Marcella Hazan, Mwitaliano mwandishi wa vitabu vya mapishi: nyanya za kopo, siagi, kitunguu kimoja kimekatwa vipande viwili, chumvi, jikoni dakika 45 moto mdogo, basi. Hakuna kukaanga kitunguu, hakuna saumu, na mkono utakuwasha kutia pilipili, uzuie. Kitunguu unakitoa mwishoni (mimi nakila pembeni, siwezi kutupa).

Kama huli nguruwe hili usiliruke, chukua kalamu, kwenye hivyo vitabu vya mapishi andika haya majina pembeni: maiale ni nguruwe mwenyewe, guanciale ni shavu lake ndo linaingia kwenye carbonara, ile tambi ya mayai na jibini, pancetta na prosciutto ni yeye yeye, na strutto ni mafuta yake, hayo yanajificha mpaka kwenye mkate, piadina ya kule Romagna kiasili inakandwa nayo.

Riwaya na kumbukumbu soma chache. Cha Carlo Levi cha 1945, Cristo si è fermato a Eboli, kinatosha kukutoa kwenye Italia ya kadi za posta: mafashisti walimpeleka uhamishoni kusini, na mle unakuta Matera watu wanaishi mapangoni pamoja na mifugo. Mapango hayohayo sasa mengine ni hoteli, unalipia kulala.

Ila kwenye bei na ratiba usiamini kitabu. Mimi nilinunua kitabu cha mwongozo kwa wale wanaotandaza chini pale Posta, nimekaa wiki nzima napiga hesabu, kumbe bei zote za lira, hela yao ya zamani, na noti za euro zimeanza 2002. Hayo angalia kwenye simu, pamoja na siku za kufunga, Uffizi kwa mfano, makumbusho ya sanaa kule Florence, Jumatatu hawafungui, na karibu na tarehe 15 Agosti maduka mengi wenyewe wako ufukweni.

Na pizza ukitaka ile ya soseji usiseme peperoni, utaletewa ya pilipili hoho.