Jinsi ya Kuandika Historia ya Timu ya Hoki Iliyokufa: Mfano wa Hartford Whalers

Kabla hujagusa jina la mchezaji hata mmoja, chora mstari wa uhai wa timu. Karatasi moja yatosha, yenye safu tano: mwaka, ligi, jina, mji, uwanja. Makosa mengi ya kazi hii huanzia kwenye mstari uliochorwa harakaharaka.

Tuchukue Hartford Whalers, timu ya hoki ya barafu ya jimbo la Connecticut, Marekani. Mstari wake hauanzii Hartford, unaanzia Boston. Mwaka 1972 iliingia ligi ya WHA, mshindani wa ligi kuu ya NHL wakati huo, kwa jina la New England Whalers, na msimu huohuo wa kwanza ikatwaa ubingwa. Januari 1975 ikahamia Hartford. Alfajiri ya Januari 18, 1978, theluji ililemea paa la uwanja wa Hartford Civic Center likaporomoka, saa chache tu baada ya watazamaji wa mpira wa kikapu kwenda zao. Timu ikahamishia mechi zake za nyumbani Springfield, Massachusetts, hadi Februari 1980. Hapa wengi huteleza: timu iliingia NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, mwaka 1979 kwa jina jipya la Hartford Whalers, lakini miezi ya mwanzo haikuwa na uwanja Hartford. Safu ya mji na safu ya jina zijazwe kila moja peke yake, usikisie moja kwa kutazama nyingine.

Mwisho wa mstari ni Aprili 13, 1997. Whalers waliifunga Tampa Bay Lightning 2-1 na bao lao la mwisho likafungwa na Kevin Dineen. Mmiliki, Peter Karmanos, alikuwa ametangaza kuhama mwezi uliotangulia, baada ya mazungumzo na serikali ya jimbo kuhusu uwanja mpya kuvunjika. Timu ikaenda North Carolina, ikawa Carolina Hurricanes. Kwa hiyo andika wazi kilichokufa ni nini: jina na makazi. Nafasi ya timu katika ligi haikufa, na ndiyo iliyotwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, mwaka 2006.

Sasa hakiki hesabu ya misimu. Katika NHL, Whalers walishinda mechi 534, wakafungwa 709, wakatoka sare 177. Jumla ni 1,420. Ihesabu upya kwa njia ya pili: misimu 13 ya mechi 80 ni 1,040, misimu miwili ya mechi 84 ni 168, msimu wa 1994–95, uliofupishwa na mgogoro wa wamiliki na wachezaji, ni 48, misimu miwili ya mwisho ya mechi 82 ni 164. Zinakutana. Jumla yako ikizidi au ikipelea kwa 34 au 36, yaelekea umeupa msimu uliofupishwa urefu usio wake, au umeuweka mahali pa msimu mwingine.

Orodha ya wachezaji ndiyo kazi yenyewe. Kila mchezaji apewe mistari mingi kadiri ya ligi na majina ya timu aliyochezea, usimbane kwenye mstari mmoja. Mtazame Gordie Howe, aliyecheza hapo pamoja na wanawe wawili, Mark na Marty. Alifunga mabao 34 msimu wa 1977–78 na 19 msimu wa 1978–79, yote ya WHA. Msimu wa 1979–80 alicheza mechi zote 80 za NHL, akatimiza umri wa miaka 52 kabla msimu haujaisha, akafunga 15. Kwa klabu ni mabao 68. Kwa vitabu vya NHL ni 15 tu, yanayojumlishwa na 786 aliyofunga akiwa Detroit kupata 801. Takwimu zote ni sahihi, mradi useme unahesabu nini.

Ron Francis ni mtego wa aina nyingine. Hartford ilimchukua kwenye drafti ya 1981, zamu ambapo timu huchagua wachezaji chipukizi, chaguo la nne. Akafunga mabao 264 na kutoa pasi za mabao 557 kabla ya kuuzwa Pittsburgh Machi 1991 pamoja na Ulf Samuelsson na Grant Jennings, biashara iliyowauma mashabiki kwa haki kabisa, maana Pittsburgh ilitwaa kombe msimu huo na uliofuata. Baadaye Francis alirudi, lakini Carolina. Ukikuta ameandikiwa mabao 382, hayo ni ya miji miwili. Toa 118 ya Carolina, ubaki na ya Hartford.

Jezi zilizostaafishwa, yaani namba ambazo klabu haizitoi tena kwa mchezaji mwingine, nazo zina utata. Hartford ilistaafisha namba 2 ya Rick Ley, 9 ya Howe na 19 ya John McKenzie. Carolina ilimvalisha Glen Wesley namba 2, kisha ikaistaafisha kwa jina lake mwaka 2009. Andika jina la klabu kando ya kila namba.

Jihadhari pia na majina yanayofanana: Connecticut Whale ya ligi ya AHL na Plymouth Whalers ya vijana si timu hii.

Funga orodha kwa mchezaji wa mwisho wa Whalers kubaki NHL, kipa Jean-Sébastien Giguère: mechi 8 msimu wa 1996–97, akastaafu 2014.