Kuchagua bolti zinazosomwa na sensa ya spidomita ya pikipiki

Mwendesha pikipiki wa Kirumba au Igombe jijini Mwanza, ambaye unyevu wa ziwa humlia bolti kwa kutu, hushawishika kuweka za chuma kisichoshika kutu, na mara nyingine hushangaa kuona spidomita imekufa siku hiyohiyo. Nyaya hazina kosa. Sensa nyingi zinazosoma vichwa vya bolti za diski ya breki hubeba sumaku ndogo ndani, na kila kichwa cha chuma cha kawaida kinapopita mbele yake huvuta uga wa sumaku hiyo na kuzalisha mpigo mmoja wa umeme. Chuma kisichoshika kutu cha aina ya A2, alumini na titani haviuvuti uga huo vya kutosha.

Kabla ya kununua, nenda dukani na sumaku: bolti isiyonaswa kwa nguvu, iache. Chagua ya chuma iliyopakwa zinki, yenye daraja la nguvu lilelile la bolti ya awali, kwa kuwa inashikilia breki, na maisha ya abiria ni makubwa kuliko spidomita.

Acha nafasi ya milimita 1 hadi 2 kati ya sensa na kichwa, kisha zungusha gurudumu kwa mkono kuhakikisha hakuna kinachogusana. Mwisho, ingiza kwenye mipangilio ya spidomita idadi ya bolti na mzingo wa tairi: mzingo wa mita 1.8 wenye bolti 5 hutoa mpigo kila sentimita 36.