Kufunga Power Commander V kwenye Yamaha MT-07, na kuipanga bila dainamometa (mashine ya kupimia nguvu ya injini)

MT-07 nyingi zinazoletwa kwangu zimeshavuliwa eksozi ya kiwandani na kuvishwa nyingine, mara nyingi pamoja na chujio la hewa lenye kupitisha zaidi. Mlio unakuwa mzuri, lakini kwenye foleni pikipiki inashtukashtuka, ukiachia ekseleta inafyatua kwenye eksozi, na ukiondoka na resi ya chini inasita kwanza. Hewa imeongezeka, mafuta yamebaki yaleyale. Kifaa cha kurekebisha mafuta kinakaa katikati ya kompyuta ya pikipiki na injekta. Kompyuta inatoa amri ya kufungua injekta kwa muda fulani, kifaa kinaurefusha au kuufupisha muda huo kwa asilimia uliyoipanga, halafu injekta inatii.

Mwongozo huu ni wa Power Commander V ya Dynojet kwa sababu ndiyo ninayoifunga zaidi. Mantiki yake utaikuta kwenye vifaa vingine vya aina hii.

Kabla ya kununua

Kuna vidude vinauzwa mtandaoni kwa bei ya chakula cha mchana, vinaahidi nguvu kwa kuchomeka waya mbili. Ndani ni kizuizi cha umeme tu. Kinaidanganya sensa ya joto la hewa ili kompyuta iamini kwamba hewa ni ya baridi, na kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito, kompyuta inamwaga mafuta zaidi. Inayamwaga kila mahali, hata pale yasipohitajika. Usinunue. Ni afadhali ubaki na pikipiki kama ilivyotoka kiwandani mpaka upate hela ya kifaa cha kweli.

Hakikisha kifaa ni cha mwaka na toleo la pikipiki yako. Soketi zinaweza kuingia na bado kikawa siyo chenyewe.

Hatua ya 1: Fungua pikipiki

Toa kiti, toa waya hasi wa betri, nyanyua tanki. Kama huwezi kunyanyua tanki bila kumwaga petroli, mpe fundi afanye.

Hatua ya 2: Unganisha injekta

Chomoa soketi ya injekta, chomeka ya Power Commander, na ile ya kiwandani ichomeke upande wa pili. Waya za rangi ya chungwa ni za silinda ya 1, iliyo kushoto ukiwa umekaa kwenye pikipiki. Za njano ni za silinda ya 2. Sukuma mpaka usikie "tak".

Hatua ya 3: Ethi na sensa ya ekseleta

Waya wa ethi uende moja kwa moja kwenye ncha hasi ya betri. Usiufunge kwenye bolti ya fremu. Rangi na kutu vinaingiza usumbufu kwenye usomaji, na usumbufu huo utakuja kuuhangaikia siku nyingine ukidhani ramani (jedwali la asilimia za mafuta) ndiyo mbovu.

Kifaa kinahitaji pia kujua ekseleta imefunguliwa kiasi gani, hivyo kinasoma waya wa sensa ya ekseleta. Kama toleo lako lina kile kibano cha plastiki cha kutoboa waya, mimi nakitoa na kupiga lehemu, nikifunika kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Kwenye hewa ya chumvi kama ya Dar es Salaam au Tanga, kibano kinashika kutu ndani bila kuonekana, na pikipiki inaanza kuruka ruka msimu wa mvua.

Hatua ya 4: Sensa ya oksijeni

Hapa ndipo watu wanapopotea. Soma polepole.

Kwenye eksozi kuna sensa ya oksijeni ya kiwandani. Kazi yake ni kuiambia kompyuta kama moshi una hewa nyingi au mafuta mengi, na inajua jibu moja tu: uko juu au chini ya uwiano wa 14.7, yaani sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli. Ukiwa unatembea taratibu, ekseleta imefunguliwa kidogo na resi imetulia, kompyuta inaisikiliza sensa hiyo na kusahihisha mafuta muda wote ili ibaki kwenye 14.7. Ukifungua ekseleta sana, inaacha kuisikiliza na kufuata ramani yake ya ndani.

Sasa fikiria umeweka Power Commander na kuongeza asilimia 6 pale pikipiki inaposhtukashtuka, yaani ekseleta ya asilimia 5 na resi 3,000 (mizunguko ya injini kwa dakika). Sensa inaona mafuta yameongezeka, inaitaarifu kompyuta, kompyuta inapunguza. Unaongeza tena, inapunguza tena. Niliwahi kuletewa pikipiki ambayo mwenyewe alikuwa ameongeza mafuta sehemu hiyo mpaka namba zikawa za kutisha, na bado inashtuka vilevile. Alidhani kifaa ni kibovu na alikuwa tayari kukiuza. Tulikaa naye mchana mzima tukikagua waya moja baada ya nyingine. Kila kitu kilikuwa kimefungwa sawa, isipokuwa soketi ya sensa ya oksijeni, iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani. Kile kipande kidogo kilichokuja ndani ya boksi kwa ajili ya sensa alikuwa amekiweka kwenye droo, akidhani ni cha ziada.

Kipande hicho ni cha aina mbili, na lazima ujue umepewa kipi.

Cha kwanza kinabakiza sensa ya kiwandani mahali pake, ila kinabadilisha taarifa inayokwenda kwenye kompyuta, ili kompyuta yenyewe ilenge mafuta mengi kidogo, 13.6 badala ya 14.7. Ukiwa nacho, ile sehemu ya ramani inayotawaliwa na sensa huonyeshwa kwa rangi tofauti kwenye programu. Visanduku hivyo viache sifuri. Ukiweka namba humo unarudi kwenye vita ileile.

Cha pili kinaichomoa sensa kabisa na kuichomekea kompyuta kitu cha kuituliza, ili taa ya injini isiwake. Hapo kompyuta inaacha kusahihisha, na ramani yote inakuwa mikononi mwako, hata kwenye mwendo wa taratibu. Mimi napenda hiki kwa yeyote anayetaka kupanga ramani mwenyewe. Usichomoe tu sensa ukaiacha soketi ikining'inia, maana kompyuta itaona hitilafu na kuwasha taa.

Na kama utatumia Autotune, kifaa cha nyongeza kinachopima moshi na kurekebisha ramani chenyewe, sensa ya kiwandani lazima iwe nje ya mazungumzo. Vinginevyo wasahihishaji wawili watafanya kazi kwenye injini moja, kila mmoja akifuta alichoandika mwenzake, na namba hazitatulia kamwe.

Hatua ya 5: Kompyuta na ramani ya kuanzia

Pakua programu kwenye tovuti ya Dynojet. Inataka kompyuta ya kawaida yenye Windows. Iunganishe na Power Commander kwa kebo ya USB, bonyeza "Get Map" na uhifadhi ramani iliyomo kabla hujagusa chochote. Pasha injini moto, kisha sanifu sensa ya ekseleta: ikiwa imefungwa isome 0, ikifunguliwa mpaka mwisho isome 100. Ikisoma 2 wakati imefungwa, kila safu ya ramani imehama.

Tafuta ramani inayokaribia eksozi na chujio lako, itume kwa "Send Map". Usipoipata, anza na sifuri tupu. Usichukue ramani ya eksozi nyingine kwa sababu tu jamaa kasema inakimbia.

Ramani ni jedwali. Mistari ni resi, kila 250, na safu ni ufunguzi wa ekseleta: 0, 2, 5, 10, 15, 20, 40, 60, 80, 100. Ukiandika 5, mafuta yanaongezeka asilimia 5. Ukiandika -5, yanapungua.

Hatua ya 6: Kupanga barabarani

Kama kuna dainamometa karibu na hela ipo, nenda. Wengi wetu hatuna, kwa hiyo ninatumia Autotune yenye sensa ya waidibandi, ambayo haisemi "juu" au "chini" tu bali inatoa namba kamili ya uwiano.

Nati ya sensa hii ni M18 x 1.5, inachomelewa kwenye eksozi baada ya mabomba mawili kukutana. Ilaze sensa upande wa waya ukiwa juu kidogo kuliko ncha, ili maji ya unyevu yasiingie ndani wakati wa kuwasha. Maunganisho yote ya eksozi yazibe kabisa. Upenyo mdogo kabla ya sensa unavuta hewa ya nje, sensa inadhani mafuta ni kidogo, na Autotune inamwaga mafuta ambayo injini haikuyaomba. Ukikuta kisanduku kinadai asilimia 15 huku jirani zake wanadai 4, angalia gasketi kwanza.

Malengo yangu ni 13.0 hadi 13.2 ekseleta ikiwa wazi kabisa, na karibu 13.6 kwenye mwendo wa kawaida. Safu ya ekseleta 0 naiacha bila lengo.

Tafuta barabara tupu alfajiri. Tumia gia ya tatu, shikilia ekseleta mahali pamoja, acha resi ipande taratibu, rudia kwa ufunguzi mwingine. Macho yabaki barabarani, kifaa kinajirekebisha chenyewe. Ukirudi, fungua jedwali la marekebisho, lainisha visanduku vilivyochomoza peke yake, kisha yakubali yaingie kwenye ramani. Rudia mpaka marekebisho mapya yawe madogo.

Watu huuliza kama ramani iliyopangwa Dar itafaa Arusha, mita kama 1,400 juu. Itafaa. Sensa ya shinikizo la hewa ya pikipiki inaendelea kufanya kazi yake, na asilimia zako zinakaa juu ya hesabu hiyo.

Ukitoa waidibandi baada ya kumaliza, ziba tundu kwa plagi yake. Usiiache kwenye eksozi bila umeme, moshi unaiua.

Mwisho, jaza tanki na upime matumizi kwa wiki moja. Yakipanda sana na mwendo wako ni uleule, rudi kwenye safu za 2 na 5, kwa sababu humo ndimo pikipiki inaposhinda siku nzima.