SOMO: Anza kujifunza Kiainu, hatua kwa hatua (lugha ya wenyeji wa kaskazini mwa Japani)

Habari zenu wandugu. Hili somo nililiahidi zamani, leo nimepata nafasi. Nilikaa Sapporo miaka miwili kimasomo na mwaka wa kwanza wote niliishi kwenye ardhi ya watu ambao hata salamu yao sikuijua, nilijifunza Kijapani tu nikaona inatosha. Alafu nikaanza kwenda kwenye darasa moja dogo la Jumamosi, na siku ya kwanza kabisa tukafundishwa namna ya kukanusha kwa Kiainu, neno lenyewe ni hili hapa: somo. Yaani kwao somo maana yake "si", "ha". Unaliweka mbele ya kitenzi umemaliza. Nilishtuka, nikajiambia hii lugha inaniita.

Waainu ndio wenyeji wa Hokkaido, kile kisiwa kikubwa cha kaskazini, na zamani walikuwepo pia Sakhalin na visiwa vya Kuril ambavyo leo viko Urusi, na ncha ya kaskazini ya Honshu. Lugha yao haijapatikana undugu wake na Kijapani wala na lugha nyingine yoyote. Neno aynu ni "mtu". Wana msemo, aynu nenoan aynu, mtu aliye mtu kweli, na Mswahili hahitaji kuelezwa hapo, huyo ni mtu mwenye utu.

HATUA YA 1: Weka mdomo sawa

Hapa sisi tumeshapewa nusu ya kazi bure. Irabu ni zile zile tano, a e i o u, na zinasomwa kama zetu. Herufi c inasomwa "ch". Shida yetu ni moja tu, mwisho wa neno. Kiainu kinafunga neno kwa konsonanti na sisi tumezoea kuliachia irabu. Mama mtu mzima aliyekuwa anatufundisha alikuwa ananisimamisha kila mara, kotan (kijiji) siyo kotani, cep (samaki) siyo cepu, pet (mto) siyo peti. Siku moja akanigusa kidevu kwa kidole akaniambia funga hapo hapo usiachie. Midomo inakutana kwenye p, inabaki imekutana, hewa haitoki. Fanya mazoezi na haya maneno matatu mpaka yakae, usiende hatua ya pili kabla.

HATUA YA 2: Fungua ramani ya Hokkaido

Hii ndo hatua naipenda kuliko zote manake huhitaji kitabu. Majina mengi ya huko ni Kiainu kilichoandikwa kwa herufi za Kijapani kufuata sauti tu. Jifunze maneno machache: pet na nay (mto, kijito), to (ziwa), poro (kubwa), pon (dogo), sir (nchi, ardhi), wakka (maji). Sasa soma. Sapporo inaelezwa kuwa ni sat poro pet, mto mkubwa mkavu. Wakkanai ni yam wakka nay, kijito cha maji baridi. Noboribetsu ni nupur pet, mto wenye maji mazito yenye rangi, na ukifika pale kwenye chemchemi za moto unaona kweli maji hayako safi, yana ukungu. Shiretoko ni sir etok, ncha ya nchi. Kila ukiona jina linaishia na "betsu" au "nai" ujue mara nyingi hapo kuna mto na kuna mtu aliyeutaja kabla ya wote.

Ziwa Poroto je? Jibu mwenyewe, maneno yote nimeshakupa.

HATUA YA 3: Kitenzi, hapa ndo nyumbani

Wajapani niliosoma nao darasani walikuwa wanahangaika sana hapa na mimi nilikuwa naona kama naongea na bibi yangu. Kijapani hakiweki nafsi kwenye kitenzi, Kiainu kinaweka, na kinaweka mbele kama sisi. Angalia kitenzi nukar, kuona (alama ya = inatenganisha kiambishi tu, usiisome):

ku=nukar, namwona
e=nukar, unamwona
nukar, anamwona (nafsi ya tatu haiwekewi kitu)
en=nukar, ananiona
e=en=nukar, unaniona
eci=nukar, nakuona

Iangalie ile ya tano pole pole. E ni wewe, en ni mimi ninayeonwa, alafu kitenzi. U-na-ni-ona. Mtenda, mtendwa, kitenzi, mpangilio ule ule. Hamna undugu wa lugha hapo, nasema mapema kabla mtu hajaanzisha nadharia kwamba Waainu walitoka Bagamoyo, ila kichwa chako tayari kimezoea hiyo njia.

Tahadhari mbili. Ku yao ni "mimi", siyo ku ya kuona na kula. Na nyakati hazipo, hakuna na, li, ta, me. Ku=nukar inaweza kuwa namwona au nilimwona, mazungumzo ndo yanaamua. Kukanusha: somo ku=nukar, simwoni. Kutaka: ku=nukar rusuy, nataka kumwona. Jina linatangulia kitenzi, kwa hiyo kotan ku=nukar, nakiona kijiji.

HATUA YA 4: Salamu na heshima

Irankarapte ndo salamu. Iyayraykere ni asante. Mkiachana: suy unukar=an ro. Hapo u- ya mbele ya nukar ni ya kutendana, yaani kuonana, na suy ni tena. Tuonane tena. Neno kwa neno ni kama letu, sisi tu tunaweka -ana nyuma wao wanaweka u- mbele.

Mtu mzima usimwite jina kavu. Bibi ni huci, babu au mzee ni ekasi, na hayo maneno yanatumika hata kwa asiye ndugu yako wa damu, sawa na kwetu. Hata moto wa jikoni ni bibi, wanamwita ape huci kamuy, kamuy ni roho au mungu. Dubu ni kimun kamuy, kamuy wa milimani, na nyangumi muuaji ni repun kamuy, kamuy wa baharini.

HATUA YA 5: Jua ni kwa nini lugha imefika hapa

Usiiruke hii hata kama una haraka ya kuongea. Mwaka 1869 serikali ya Japani ya enzi ya Meiji ilianzisha ofisi ya kuendeleza kisiwa na ikakibadilisha jina kutoka Ezo kuwa Hokkaido, ardhi ikahesabika haina mwenyewe ikagawiwa kwa walowezi. 1871 wanawake wakakatazwa kuchora chale za mdomoni. Uvuvi wa samoni mitoni, ambao ndo ulikuwa chakula chao, ukapigwa marufuku hatua kwa hatua. 1899 ikaja sheria iliyoitwa ya "kuwalinda wenyeji wa zamani", ikawataka wawe wakulima na watoto wao wasomeshwe kwa Kijapani, na hiyo sheria ilikuja kufutwa 1997, siyo makosa ya uchapaji, elfu moja mia tisa tisini na saba.

Ukitaka kuelewa kwa mtu mmoja, soma maisha ya Kayano Shigeru, alizaliwa 1926 kijiji cha Nibutani. Baba yake alikamatwa na polisi kwa kosa la kuvua samoni wa kulisha familia, mtoto akamkimbilia huku analia. Huyo mtoto alipokua akaanza kununua vyombo vya Waainu moja moja ili visihamie mikononi mwa wakusanyaji, akafungua makumbusho, akaanzisha darasa la lugha kijijini miaka ya 1980, na 1994 akawa Mwainu wa kwanza kuingia bungeni Japani na akaongea Kiainu humo ndani. Yeye na Kaizawa Tadashi walipinga bwawa lililojengwa Nibutani juu ya ardhi yao. Machi 1997 mahakama ya Sapporo ikasema Waainu ni wenyeji wa asili na kuchukua ile ardhi kulikuwa kinyume cha sheria, ila bwawa lilikuwa limeshajengwa basi likaachwa. Lipo mpaka leo, nimesimama juu yake, maji yametulia kabisa.

Bunge lilipitisha azimio la kuwatambua 2008, na sheria yenye neno "wenyeji wa asili" ndani yake ilikuja 2019.

HATUA YA 6: Sikiliza kila siku

Dakika kumi tu. Taasisi ya taifa ya lugha ya Japani, NINJAL, imeweka mtandaoni bure hadithi za Kiainu zenye sauti, za Bibi Kimura Kimi (1900–1988) wa bonde la mto Saru, kila sentensi imechambuliwa neno kwa neno na kutafsiriwa Kijapani na Kiingereza. Ndo chuo changu mimi. Kuna pia somo la redio la STV ya Sapporo, lipo tangu 1998.

Na usikose kumjua Chiri Yukie. Msichana wa Noboribetsu, alizaliwa 1903, alilelewa kati ya bibi na shangazi waliojua tenzi za kuimbwa. Aliandika nyimbo 13 za kamuy kwa herufi za Kilatini na tafsiri ya Kijapani ubavuni. Alimaliza kuhakiki kazi yake Septemba 1922 akafariki usiku huo huo kwa ugonjwa wa moyo, miaka 19. Kitabu kilitoka 1923. Mimi huwa nikisoma zile kurasa nasoma kwa sauti, naona ni haki yake.

HATUA YA 7: Pata mukkuri

Ni ala ya muziki ya Waainu inayopigwa mdomoni, kijiti bapa cha mwanzi kama urefu wa kiganja, kimechongwa ulimi katikati, na uzi kwenye ncha. Kitanzi kidogo unavalisha kidole cha mkono wa kushoto, unabana karibu na shavu, ulimi wa mwanzi unakaa mbele ya mdomo, mkono wa kulia unavuta uzi kwa mkato. Siku tatu za mwanzo utapata mvumo wa nzi tu. Kosa la wengi ni kuvuta kwa nguvu, kumbe siri ni kuvuta mfululizo kwa mwelekeo ule ule na kubadilisha nafasi ndani ya mdomo, ukifungua koo sauti inakuwa nene, ukibana inapanda. Upepo, matone ya mvua kwenye paa, vyote vinatoka humo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu hawa watu bado wapo au ni historia?

Wapo ndugu yangu, wengine wanasoma hapa hapa mtandaoni. Utafiti wa mkoa wa Hokkaido 2017 ulihesabu watu 13,118, lakini hao ni waliojitaja tu na ni Hokkaido peke yake. Wengi wanaishi Tokyo na kwingineko, na wengi walifichwa asili yao na wazazi wao ili wasibaguliwe shuleni. Neno Ainu lenyewe liligeuzwa tusi, mpaka chama chao 1961 kikabadilisha jina kikatumia utari, ndugu, wakarudisha jina la Ainu 2009.

Swali: Niliwahi kusoma kwamba ni Wazungu waliopotea Asia, ni kweli?

Hapana. Ni nadharia ya karne ya 19 ya watu walioangalia ndevu. Vinasaba vinawaunganisha na watu wa Jomon walioishi visiwa vya Japani maelfu ya miaka iliyopita. Na hiyo nadharia ilileta madhara, manake watafiti walifukua makaburi kubeba mafuvu wakapime. 2016 mabaki ya watu 12 yalirudishwa kuzikwa kwao Kineusu, huko huko Hokkaido, baada ya kesi dhidi ya Chuo Kikuu cha Hokkaido, lakini zaidi ya elfu moja wengine wamehifadhiwa kwenye jengo la kumbukumbu Shiraoi. Kwetu mtu akizikwa kazikwa, kwa hiyo naomba tuwaelewe wanaodai mababu zao.

Swali: Siku hizi wanaruhusiwa kuvua samoni?

Kwa kibali, kwa ajili ya sherehe na kurithisha utamaduni. Kundi la Waainu wa Urahoro lilishitaki 2020 likidai kuvua mtoni ni haki yao, Aprili 2024 mahakama ikawakatalia. Mimi naona dai lao ni la haki kabisa.

Swali: Nina safari ya Japani, niende wapi?

Shiraoi, kama saa moja kwa treni ya haraka kutoka Sapporo. Kuna Upopoy, kituo cha utamaduni wa Waainu, ilifunguliwa Julai 2020, ina makumbusho ya taifa ya Waainu ambapo maelezo yametanguliza Kiainu. Ipo kando ya ziwa lile nililowaachia mjibu. Kisha fanya bidii ufike Nibutani, huko ndo utaona mtu ameketi anasokota uzi wa gome la mti kwa vidole, uzi wa kufumia nguo ya attus. Ukinunua nunua pale kwa fundi mwenyewe. Na wilaya hiyo basi linatangaza vituo kwa Kiainu, panda hata kama huna pa kwenda.

Swali: Kuna kamusi ya Kiingereza ya mmisionari Batchelor nimeipata bure, niitumie?

Iache kwanza. Ni ya 1889 na ina makosa mengi, Chiri Mashiho, mdogo wake Yukie ambaye alikuja kuwa profesa, aliichambua vikali sana. Na jua kuna lahaja, niliyofundisha hapa ni ya Saru. Kiainu cha Sakhalin ni tofauti, na mzungumzaji wake wa mwisho, Asai Take, alifariki 1994.

Swali: Ziwa Poroto ni ziwa kubwa! Alafu nimetunga: kimun kamuy ku=nukar. Nimepatia?

Umepatia yote mawili, hongera. Nimemwona dubu. Sasa nikanushie hiyo sentensi, alafu ufanye dubu ndo akuone wewe.

Swali: Kimun kamuy somo ku=nukar. Kimun kamuy en=nukar.

Safi kabisa. Mimi sijamwona dubu, dubu ameniona. Iyayraykere, suy unukar=an ro.