Cooper Black kwenye bango bila herufi kuziba

Fonti hii nene ya mviringo ilichorwa na Oswald Cooper huko Chicago, na Barnhart Brothers & Spindler, kampuni ya kutengeneza herufi za chapa, wakaitoa mwaka 1922. Nembo ya shirika la ndege la easyJet imeandikwa kwayo. Ukiwa na Microsoft Office kwenye Windows, huenda tayari unayo.

Ikuze kwanza uitazame. Haina kona kali. Hata miguu ya herufi imeviringwa, hivyo herufi hazikanyagi mstari sawasawa. Ukipiga mstari mnyoofu chini ya neno utaona zinayumba. Usizisawazishe, zimechorwa hivyo makusudi. Cha kuchunga ni matundu ya a na e. Ni madogo sana, na maneno yetu yamejaa irabu hizo.

Ndiyo maana usibofye kitufe cha B, kile cha kukoleza maandishi. Fonti yenyewe ni nene tayari; programu itaongeza unene wa bandia na kuziba matundu. Mstari wa kuzungushia herufi nao una hila yake: kwa kawaida nusu yake huingia ndani ya herufi. Katika programu ya kuchora ya Inkscape, upange mstari uchorwe nyuma ya rangi ya herufi. Katika programu nyingine, nakili neno, weka nakala chini, kisha nenepesha hiyo ya chini tu.

Andika “Nyama choma”, si “NYAMA CHOMA”. Uzuri wa fonti hii uko kwenye herufi ndogo. Kubwa zikijipanga zote zinakuwa ukuta. Kwenye “ng’ombe” weka alama iliyopinda, si ile iliyonyooka kama msumari.

Kwa bango la dukani, kadiria sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Msomaji aliye ng’ambo ya barabara, mita 15, anahitaji takriban sentimita 12 au 13. Katika ukubwa huo bana kidogo nafasi kati ya herufi, kama -10 hadi -20 kwenye programu ya Illustrator, kisha rekebisha kwa mkono Ta, Wa na Ya, maana hapo pengo hubaki wazi. Kwenye maandishi madogo fanya kinyume: achanisha.

Fulana ndizo zinazoumbua. Wino husambaa kwenye kitambaa, na tundu lenye upana chini ya milimita 1 huweza kuzibika kabisa. Chapisha kwanza kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, upime tundu la e kwa rula. Likiwa dogo, ongeza ukubwa wa neno au punguza maneno.

Itumie kwa jina na bei tu. Orodha ya vyakula na namba za simu ziwekee fonti nyembamba isiyo na madoido. Na tangazo la msiba? Hapana, sura yake ina uchangamfu mno.

Kabla ya kupeleka faili kwa mchapaji, geuza maandishi yawe maumbo, la sivyo kompyuta yake ikikosa fonti itaweka nyingine. Hifadhi na nakala yenye maandishi ya kawaida, kwa sababu bei itabadilika.