Jinsi ya kuchora ramani ya ulimwengu wa mizimu kwenye stori yako

Usianze na milima na mito bana, anza na swali moja tu: huko kwa mizimu umbali unapimwa na nini? Maana kama ni kilomita basi umechora dunia ya kawaida ukaipaka moshi. Mi napenda umbali uende na kumbukumbu, yaani mahali unapopakumbuka vizuri unafika kwa hatua tatu, usipopakumbuka unatembea mwaka mzima na hufiki, sasa hapo mhusika akianza kusahau sura ya mama yake ndo na njia ya kurudi inazidi kurefuka, stori inajiandika yenyewe.

Afu weka mipaka. Wagiriki wa kale walikuwa na mito mitano kuzimu, ukiwemo Lethe, ukinywa maji yake unasahau kila kitu, na Wamisri wa kale waligawanya safari ya jua huko chini kwa saa 12 za usiku, kila saa na eneo lake. Umeona? Mto haupo kupendezesha ramani, una kazi. Sehemu isiyo na kazi futa.

Milango ya kuingilia iwe michache, miwili mitatu inatosha, na kila mmoja udai kitu (kivuli chako, jina, sauti).

Ramani yenyewe chora kwa penseli, maana mizimu ikihama na mabonde yanahama nayo. Ila acha kitu kimoja kisichosogea kabisa, mti au jiwe, la sivyo msomaji atapotea kabla ya mhusika.